Neema wa Kwenye Daftari

Sogea karibu kidogo, wewe unayenisikiliza, kwa maana jambo hili nilishindwa kulieleza siku lilipohitaji kuelezwa, na sasa nataka kulieleza polepole, bila kuruka kitu. Nimekuwa mwalimu sehemu kubwa ya maisha yangu. Nimewafundisha watoto kugawanya, nimewafundisha watu wazima kuandika majina yao, na sijawahi kumchoka mtu asiyeelewa. Lakini mara moja nilipewa jambo moja tu la kueleza, mbele ya mwanamke mmoja tu, tena jambo dogo: kwamba mtu mzima anaweza kusoma kitabu cha watoto na kukifurahia. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilishindwa, na nyumba ya watu ikavunjika mbele ya macho yangu, nikiwa bado nimeshika sahani ya wali waliyonipa.

Mwezi uliopita nilikuwa nachambua maharagwe kwenye veranda yangu hapa Mururu simu ilipolia. Alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani, anayefanya kazi kwenye mashine ya mchele kule Bugarama. Akanisalimu vizuri, akauliza habari za watoto, kisha akasema, "Maman Divine, unakumbuka Chef Silas, ule muzee wa kung'ata mchele? Ametutoka jana. Tunamuzika kesho." Niliendelea kuchambua mpaka nikagundua kwamba naokota mawe na kuyaweka kwenye maharagwe. Kumkumbuka si kazi. Kazi imekuwa kumsahau, na sikuiweza.

Mwaka ule sikuwa bado Maman wa mtu yeyote. Waliniita Mamzeli. Tulikuwa tumerudi kutoka Bukavu, ng'ambo tu ya mto wa mpakani, na nilipata kazi ya kuangalia chumba cha kusomea nyuma ya kanisa moja mjini Kamembe. Chumba chenyewe kiliwahi kuwa stoo ya chokaa. Ukiegemea ukuta, bega lilitoka jeupe. Kilikuwa na meza moja, benchi mbili, dirisha linaloangalia ukuta wa soko, na rafu mbili. Rafu ndefu ilikuwa ya watu wazima: vitabu vya dini, vya kilimo, vya sheria, na kamusi ya Kifaransa iliyokosa kurasa za mwisho. Rafu fupi, iliyonifika kiunoni, ilikuwa ya watoto. Vitabu vyake vingi vilikuwa vya Kiswahili, na vilivuka daraja kutoka Bukavu ndani ya mabeseni ya akina mama wafanyabiashara, chini ya vipande vya sabuni, ili visilowe. Hata leo nikifungua sabuni mpya ya kufulia, kitu cha kwanza kinachonijia ni hadithi.

Sista Konsolata, aliyekuwa mkubwa wangu, aliweka kanuni moja tu kuhusu rafu ile fupi. Kitabu cha mtoto hupewa mtoto mwenyewe au mzazi wake, na jina la mtoto liandikwe kwenye daftari. Alikuwa na sababu. Kabla sijafika, watu wazima walikuwa wanaazima vile vitabu vyenye picha, na baada ya wiki Sista anavikuta sokoni, kurasa zake zimekunjwa na kujazwa karanga. "Muntu mukubwa hana kazi na hivi vitabu," aliniambia siku ya kwanza, "isipokuwa kufungia karanga." Sikubisha. Nilimwamini kabisa. Hilo nalisema mapema ili usije ukanidhania mjanja kuliko nilivyokuwa.

Silas alikuja siku ya Jumanne. Lori la mchele kutoka Bugarama lilikuwa linasimama kila Jumanne kando ya ukuta wa soko, na vijana walishusha magunia mpaka saa sita mchana. Silas alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, mrefu, na kofia yake ilikuwa na vumbi la pumba hata baada ya safari yote ile. Kazi yake mashineni ilikuwa kupima kama mpunga umekauka. Hakutumia chombo. Alitia punje mdomoni, akaing'ata kwa meno ya mbele, akasikiliza. Punje ikikatika kwa mlio, imekauka. Ikikubali jino kimyakimya, irudishwe juani. Alisafiri na lori ili wateja wa Kamembe wamwone aking'ata mbele yao. Baada ya kung'ata punje ya gunia la kwanza hakuwa na kazi tena mpaka lori ligeuke, na ndipo alipoona mlango wangu.

Alizunguka rafu ndefu kidogo, kwa adabu, kama mtu anayesalimia wakwe. Kisha akachuchumaa mbele ya ile fupi, akakaa pale muda mrefu. "Mamzeli, hii ya chini munaazimisha?"

"Tunaazimisha kwa watoto, Papa. Uko na mtoto?"

Hakunitazama. Alikuwa ameshika kitabu chenye picha ya mbuzi kwenye jalada. "Niko naye," alisema.

"Anaitwa nani?"

Alifuta vumbi kwenye pembe za yule mbuzi. "Neema."

"Miaka mingapi?"

"Minane. Anaenda kwa kenda."

Nikaandika. Na kwa kuwa kwetu mtu akishapata mtoto huacha jina lake mlangoni na kuitwa kwa jina la mtoto, nilimkabidhi kitabu kwa mikono miwili nikasema, "Haya, Papa Neema. Jumanne ijayo." Aliinua kichwa kama mtu aliyeitwa kutoka mbali. Nilidhani ni furaha ya kupata kitabu. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa amewahi kumwita hivyo, lakini ningejuaje? Vijana wa lori walimwita Chef, yaani mkubwa wao.

Kwa hiyo Jumanne zikawa zetu. Alirudisha kitabu kikiwa kimefungwa ndani ya mfuko mweupe wa mchele, safi, akachukua kingine, kisha tukakaa kwenye benchi nje tukila. Mimi nilileta bugali ya muhogo ndani ya kitambaa, yeye alinunua sambaza za kukaanga, vile visamaki vya ziwani, kwa mama mmoja aliyekuwa anakaa chini ya dirisha langu. Tuligawana. Na akanieleza Neema amesema nini. Hapo ndipo nilipoanza kuzingoja Jumanne, maana sijawahi, kabla wala baada, kukutana na msomaji kama yule mtoto. Kulikuwa na hadithi ya chungu kikuukuu kilichokataa kuoshwa kwa sababu kiliogopa kusahau vyakula vyote vilivyopikwa ndani yake. Watoto wote walioisoma waliniambia ni hadithi ya kuchekesha. "Neema hakucheka," Silas alisema akitoa mwiba mdomoni. "Anasema kile chungu kiko na haki. Anasema bantu banakuosha, banakuosha, kisha banakuuliza juu ya nini hauna kumbukumbu."

"Mtoto wa miaka minane amesema hivyo?"

"Amezaliwa muzee," Silas alijibu, na tukacheka wote wawili.

Chini ya dirisha nilisikia vijana wa lori wakiulizana. "Chef iko wapi?" "Iko nasali. Kila Jumanne anasali." "Anaomba nini na umri ule?" "Anaomba kile kila muntu anajua." Wakacheka kicheko kifupi, cha chini, cha watu wanaojua jambo la mwenzao. Nilikisikia kicheko kile zaidi ya mara moja. Sikukiuliza. Nikiutazama mwaka ule sasa, naona kwamba kila kitu kilikuwa kinasemwa chini ya dirisha langu, na mimi nilikuwa naandika majina ya watoto.

Kile kitabu cha mbuzi alikiazima mara nne. Ni hadithi ya mbuzi aliyepotea sokoni, akawa anauliza kila mtu njia ya kwenda nyumbani. Muuza chumvi akamwonyesha njia, naye akaenda, akafika nyumbani kwa muuza chumvi. Fundi viatu akamwonyesha njia, akafika nyumbani kwa fundi viatu. Kila mtu alimwonyesha njia ya kwao mwenyewe, kwa moyo safi kabisa. Kitabu kilikuwa kimechakaa na ukurasa wa mwisho haukuwepo. Kila Jumanne Silas aliniuliza kama kingine kimevuka daraja. "Neema analala vibaya," alisema. "Anasema si muzuri kumuacha ile mbuzi njiani."

Siku moja mvua ilinyesha, kushusha magunia kukasimama, naye akaingia ndani akakaa mezani kwangu. Nilikuwa nimepika chai ya maziwa. Nikamuuliza, kwa vile nilikuwa napenda kujua mtoto anavyofikiri, Neema anaona nini kwenye vitabu hivi. Alizungusha kikombe. "Karatasi ya bantu bakubwa," alisema polepole, "muntu anaiandika ili akukamate. Karatasi ya shamba, karatasi ya mupaka, barua. Ukisoma mbio, umekamatwa. Lakini hizi, muntu ameandika juu anataka uelewe. Anarudilia. Anakuchorea na picha, ili usiogope. Ukishakuwa mukubwa, nani tena anakufanyia vile?" Kisha akanywa, akaongeza, "Neema ndiye anasema."

Niko na miwani miwili sasa, mmoja wa mbali na mmoja wa karibu, na jioni nikimaliza kazi za nyumba huwa nachukua kitabu cha watoto. Ninacho kikapu kizima. Nilianza kwa sababu ya Silas, kama mtu anayerudi mahali alipoangusha kitu, na nikakuta kwamba alikuwa amenieleza yote siku ile ya mvua. Hebu nijaribu kuongeza kidogo tu. Katika kitabu cha watoto jambo la kutisha linaitwa kwa jina lake, ukurasa wa pili, nawe unajua liko wapi. Mtu mwema ni mwema kwa kitendo unachokiona, si kwa jina lake. Maneno ni machache, kwa hiyo unayatazama, kama Silas alivyosikiliza punje moja wakati gunia zima limesimama mbele yake. Na mtoto akisoma juu ya mlango, huo ni mlango tu. Mtu mzima akisoma juu ya mlango, milango yote aliyowahi kuifunga inakuja. Neno ni lile lile, lakini mtu mzima analisoma akiwa na mzigo, na kitabu kinamwambia autue hapo kando, aketi. Hayo ndiyo niliyotakiwa kuyasema. Sikuwa nayo.

Mwisho wa mwaka Sista alinipa ruhusa ya kutoa zawadi kwa mtoto aliyesoma vitabu vingi. Nilihesabu mistari kwenye daftari. Neema alikuwa amewapita wote, hata watoto wa pale pale Kamembe. Nilifurahi kama mama yake. Nikamtuma mama mmoja wa mabeseni atafute Bukavu kitabu cha mbuzi kipya, chenye ukurasa wa mwisho, naye akakipata. Na kwa kuwa nilikuwa kijana na nilipenda kuwafurahisha watu ghafla, sikumngoja Silas hadi Jumanne. Jumapili asubuhi nilivaa gauni langu zuri, nikapanda lori la mchanga, nikateremka hadi Bugarama, kwenye joto lile linalokupokea kabla hujashuka. Njiani nilisoma ukurasa wa mwisho. Mbuzi anakutana na bibi kizee ambaye hamwonyeshi njia yoyote. Anamuuliza tu, kwenu kukoje? Mbuzi anaanza kueleza, na akiwa bado anaeleza, miguu yake inaanza kwenda yenyewe. Nilijua Neema atasema nini? Hapana, na ndiyo maana nilikuwa na haraka.

Niliwakuta watu wa Bugarama wako kanisani. Kwetu ibada haimaliziki mpaka wageni wasimame, waseme wametoka wapi na wamekuja kumwona nani, na kanisa liwapigie makofi ya karibu. Nikasimama. Nikasema natoka Kamembe, kwenye chumba cha kusomea. Nikasema nimeleta zawadi kwa mtoto wa hapa hapa Bugarama aliyesoma kuliko watoto wote wa mwaka huu, na kwamba mzazi wake asiyekosa hata Jumanne moja nimemwona, amekaa benchi la nne. "Papa Neema," nikasema, "msimamishe binti yako tumwone."

Makofi yalikuwa yameshaanza, yakafa. Nimesikia ukimya mwingi, lakini ule nausikia mpaka leo. Ulikuwa na feni ya mkono ya mama mmoja ikiendelea kupepea, na mtoto aliyeuliza, "Neema gani?" akanyamazishwa. Halafu nyuma, upande wa wanaume, mtu akasema kwa sauti ya chini iliyofika kote, "Kumbe Silas." Mwingine akamjibu, "Kumbe haikuwa yeye." Vichwa vikageuka, lakini havikumgeukia Silas. Viligeukia upande wa wanawake, kwa mwanamke mwembamba aliyevaa kitambaa cha buluu kichwani, ambaye alikuwa anatazama mikono yake.

Ilibidi niambiwe baadaye maana ya vichwa vile. Silas na mke wake Verediana, yule wa kitambaa cha buluu, walikuwa wamekaa miaka ishirini bila mtoto. Mke alikuwa bado anaitwa Veredi, kama msichana, na umri wake umepita arobaini. Lakini hakuna aliyejua kasoro iko kwa nani, na kutojua huko ndiko kulikokuwa paa la nyumba yao. Walijifunika nako wote wawili. Mimi nilisimama kanisani, kwa gauni langu zuri, nikatangaza kwamba Silas ana mtoto wa nje. Nikawaambia watu wote kwamba kasoro ni ya Veredi.

Silas alisimama. Alikuwa na nafasi ya kusema. Alikuja mbele polepole, akapokea kitabu kwa mikono miwili, akasema, "Asante, Mamzeli. Nitamufikishia." Nimeigeuza sentensi hiyo maisha yangu yote. Mbele ya kanisa zima, alitakiwa kuchagua kati ya kuwa mtu mwenye mtoto wa siri, aibu ambayo wanaume wengi wameibeba na kuishi, na kuwa mzee anayejifungia kusoma habari za mbuzi. Akachagua ile anayoweza kutembea nayo njiani.

Mgeni harudishwi bila kula, kwa hiyo nilipelekwa nyumbani kwao. Nyuma ya nyumba, Veredi akiwa jikoni, Silas aliniambia bila kuinua macho, "Hakuna Neema, Mamzeli. Ni miye." Ndani kulikuwa na meza yenye kitambaa kilichofumwa, viti vinne, na wali mweupe wa pale pale, maharagwe, samaki mmoja wa bwawani aliyekatwa vipande vitatu. Veredi alininawisha mikono. Akanipakulia. Akafanya kila kitu kama inavyotakiwa, na alipokwisha kuketi akasema kwa utulivu, "Mama yake anakaa wapi?"

Nikaanza kueleza. Nilisema hakuna mtoto, nilisema ni kanuni ya daftari, nilisema mume wako alikuwa anajisomea mwenyewe.

"Anajisomea nini?"

"Vitabu vya watoto."

"Muntu wa miaka makumi tano."

"Ndiyo, Maman."

"Usiniite Maman," alisema. "Juu ya nini? Anatafuta nini mule?"

Hapo ndipo. Hilo ndilo swali nililozaliwa kulijibu, na sikuwa na jibu, kwa sababu moyoni mwangu hata mimi sikuelewa. Tangu nilipoambiwa kule nyuma ya nyumba, nilikuwa namwonea Silas haya. Nikasema, nadhani anapenda picha. Nilimwona Silas akifumba macho. Veredi alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemwona mtoto akidanganya na mdomo umejaa sukari. "Dada," alisema, "wewe uko kijana na umesoma. Angekutuma na uongo wa maana basi." Silas akasema, "Mamzeli anasema kweli." Veredi akajibu, "Sasa mumeshapatana," akaniongezea wali.

Kesho yake alfajiri Veredi alifunga vitu vyake, akashika njia ya Bweyeye, kwao, kule msituni, safari ya miguu ya kutwa nzima na zaidi. Hakurudi. Silas alikuja kwangu Jumanne moja tu baada ya hapo. Alisimama mlangoni, hakuvuka kizingiti. Nilimwambia achukue kitabu chochote, sitaandika jina. Alitazama rafu fupi jinsi mtu anavyotazama nyumba aliyokuwa amepanga. "Acha, Mamzeli," alisema. "Neema ameshakua." Mwaka uliofuata chumba kikafungwa, kikawa stoo ya saruji. Nami nikaenda kujifunza ualimu, kazi ya kueleza.

Kwenye maziko, mwezi uliopita, nilimwona Veredi kabla hajaniona. Alikuwa ameteremka kutoka Bweyeye, mzee sasa na amesinyaa, ameketi kwenye mkeka pamoja na wanawake wa jirani. Hakuwa analia. Alikuwa anatazama nyuso za wanawake wa makamo walioingia uani, mmoja baada ya mwingine, kwa makini, anaacha huyu anachukua yule. Nilipiga magoti kumsalimu, nikamwambia mimi ni nani. Alinishika mkono asiuachie. Mapajani alikuwa na furushi, ndani yake kitenge kipya, bado kina gundi ya dukani, na juu ya kitenge kulikuwa na kile kitabu cha mbuzi. Walikikuta ndani ya mfuko wa mchele chini ya kitanda. Kona zake zilikuwa zimelainika kama kitambaa, na mgongo umeshonwa kwa uzi wa magunia.

"Wewe ulimujua," aliniambia. "Nionyeshe. Ni yupi?"

"Nani, Bibi?"

"Neema. Amekuja kumuzika baba yake, ama hapana?" Akafungua kitabu akanionyesha alama za vidole pembeni mwa kurasa. "Tazama alivyokipenda. Mwaka wa kwanza nilimuchukia huyu mutoto. Wa pili vilevile. Kisha chuki ikanichosha, nikaanza kumungoja. Nikasema Silas akikufa, atakuja, nami nitakuwa na muntu wa kuniita Maman. Nimemuletea kitenge."

Nilimweleza. Safari hii nilikuwa na maneno yote, na nilikuwa na subira, na nilikuwa na miaka yangu ya kufundisha. Nilimwambia juu ya chungu, juu ya mvua, juu ya karatasi zinazokamata na karatasi zinazotaka uelewe. Nilimwambia kwamba maneno yote ya Neema yalikuwa maneno ya Silas. Nilimwonyesha kwamba vidole vile ni vikubwa. Aliweka kidole chake juu ya alama moja, akapima.

"Alikuwa anasoma tu," alisema.

"Alikuwa anasoma tu."

"Peke yake."

"Peke yake."

"Angeniambia, tungesoma sisi babili." Akakifunga kitabu. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu mkweli, akaongeza, "Hapana. Ningemucheka." Akaendelea kutazama mlango wa ua mpaka watu walipoacha kuingia, ndipo akakifunga kitenge tena, polepole, kikunjo juu ya kikunjo. Nilikuwa nimeeleza vizuri kuliko nilivyowahi kueleza kitu maishani, na nilichofanya ni kumuua mtoto wake pekee, siku ya kumzika mume wake.

Nilirudi Mururu jioni ile. Maharagwe yalikuwa bado kwenye ungo, na mawe ndani yake. Sina la kukufariji nalo, na sitaki uondoke hapa ukidhani nimejisamehe. Nina agizo moja tu, nalo halihitaji usome sana. Siku mtu mzima atakaposimama mbele yako ameshika kitabu cha watoto, usimuulize ni cha nani. Andika jina lake mwenyewe, umpe kitabu, umwache aende.